Acheni Kuchota

Picha zilikuwa thelathini na sita, mkanda mzima, na Sajenti Shaibu Mnonjela alikuwa amezipanga juu ya meza ya upelelezi kama mtu anayecheza karata peke yake na bado anafungwa.

Zote zilikuwa za mtu mmoja. Eliudi Nampota kasimama ukingoni mwa boti, mtungi wa hewa mgongoni. Eliudi kashika miwani ya kuzamia. Eliudi kavaa ile suti nyeusi ya mpira inayombana mtu mpaka anafanana na kambare aliyesimamishwa wima. Nyuma yake, katika kila picha, Bahari ya Shamu imetulia, buluu mpaka inakera. Picha hizo zilikuwa zimezunguka Nachingwea mwaka mzima, nyumba hadi nyumba, mpaka pembe zikalegea kama masikio ya mbuzi. Fundi wa mradi wa visima, kijana wa hapahapa, kachukua likizo ya mwaka bila mshahara, kamfuata rafiki yake Mholanzi mpaka Misri, kaenda kutembea na kuzamia baharini. Hakwenda kusoma. Hakwenda kutafuta maisha. Kaenda kuzamia. Watu walimpikia pilau ya kumuaga, na aliporudi wakalisahau jina alilobatizwa wakampa jingine: Mzamiaji.

Sasa, Oktoba ya mwaka 2006, Mzamiaji alikuwa kakaa ng'ambo ya meza hiyo katika kituo cha polisi Ruangwa, pingu mikononi. Ilikuwa siku ya tano tangu ndugu yake wa ukoo, Kasmiri, afe kisimani Nambilanje. Kesho asubuhi Shaibu alitakiwa amfikishe mahakamani, na kwenye karatasi iliyokuwa karibu na kikombe chake kosa lilikwisha kuandikwa: kuua kwa kukusudia. Kosa hilo halina dhamana, na mwisho wake kila mtu anaujua.

"Nauliza tena," Shaibu alisema. "Jumamosi saa nne asubuhi ulipita kwa pikipiki, ukasimama kisimani. Kasmiri yuko chini alikoshuka kusafisha, jiwe limembana mguu, maji yamemfika kifuani. Yuko hai, anaongea. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Watu wanachota kwa ndoo ili maji yasimpande. Ukawaambiaje?"

Eliudi aliangalia pingu zake. "Acheni kuchota."

"Kwa nini?"

"Niliwaambia wanatibua maji. Mzamiaji haoni kwenye tope. Wayaache yatulie."

"Wakaacha. Ukasema unakwenda kuchukua vifaa vyako, ukapiga pikipiki kiki, ukaondoka. Ulirudi saa ngapi?"

Eliudi akayarudisha macho kwenye pingu.

"Basi nikusaidie. Hukurudi. Maji yalitulia vizuri kabisa, na saa sita yakamfunika mwenzio. Mwenzio mwenyewe ndiye aliyemuoa Domitila, mchumba wako, wakati wewe uko Misri unasalimiana na samaki. Na tulipopekua chumba chako Nachingwea tumekuta redio, viatu, na miwani ya jua. Mtungi hakuna. Mapezi hakuna. Vifaa gani ulivyokuwa unakwenda kuchukua?"

"Andika utakavyo, Afande."

Shaibu aliinuka. Upepo wa jua kali ulikuwa unazichezea picha, akaenda kufunga dirisha lililokuwa nyuma ya bega la kushoto la Eliudi. Akiwa hukohuko akasema, "Nikuletee chai?"

Eliudi hakujibu wala hakugeuza shingo.

"Chai," Shaibu akarudia, mara hii kidogo kwa sauti. Wapi. Akazunguka meza mpaka upande wa kulia, akasema taratibu kama mtu anayenong'onea mgonjwa, "Nimesema, chai."

"Ah. Nashukuru. Naomba."

Shaibu akabaki amesimama. Juzi, pale sokoni Nachingwea, mbele ya wauza mihogo na wanunuzi wao, alimwita huyu mtu "Simama" mara tatu kwa nyuma, naye akaendelea kutembea. Ndipo Shaibu akamrukia, akamlaza chini kifudifudi, pingu, watu wakashangilia kama wapo mpirani. Na kwenye ripoti akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *mtuhumiwa alikaidi amri akajaribu kutoroka.*

Akarudi kukaa, akazitazama tena picha. Hakutazama boti wala bahari. Alitazama nywele. Alizipitia zote, moja moja, kisha akazipitia tena kuanzia mwisho.

"Eliudi. Mtu akioga bombani tu anatoka anachuruzika. Wewe umekaa mwaka mzima na watu wa baharini. Mbona hakuna hata picha moja uliyolowa?"

Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, Eliudi aliinua mikono yote miwili, na pingu zake, akajifunika uso.

"Tulikuwa tunapiga kabla ya kuingia majini," alisema nyuma ya vidole.

"Mara thelathini na sita?"

Shaibu alitoka nje, akalipita pikipiki la mtuhumiwa lililowekwa uani kama kielelezo, akasimama. Kwenye keria kulikuwa na kamba za mpira zilizokatwa, na kwenye chuma chake mkwaruzo mbichi wa rangi ya bluu. Akaugusa kwa ukucha. Rangi ikatoka. Ilinuka petroli.

*

Nambilanje msiba ulikuwa haujaanuliwa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka ukumbini, wanaume nje kwenye magogo, na sufuria ya ugali ilikuwa inasongwa na mama mmoja mwenye mikono kama ya mpiga kasia. Shaibu alisalimia, akapewa kigoda, akatafuta kwa macho mjane yuko wapi. Mkekani hakuwepo. Alimkuta nyuma ya jiko, peke yake, kakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Pole tena, mama," Shaibu alisema. "Mbona uko huku?"

"Ndiko nilikowekwa."

"Na nani?"

"Wakwe zangu." Domitila hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kulia akakuta bado kuna kazi. "Wanasema mtoto wao kafa kwa ajili yangu. Bernardo yuko ndani kwa bibi yake. Akililia ziwa naitwa, akishiba narudi huku. Baada ya arobaini nimeambiwa nirudi kwetu, mtoto abaki."

"Nani kawatia maneno hayo?"

Domitila alimtazama kama anayetaka kuhakikisha kwamba anauliza kweli.

"Si wewe, Afande. Jumapili, pale kwenye magogo. Ulisema: kesi za namna hii, tafuteni mwanamke. Basi wakatafuta. Hawakwenda mbali."

Shaibu alikuwa amekuja na maswali sita daftarini, yamepigiwa mstari. Alilifungua daftari, akalifunga. Jumapili wanaume pale kwenye magogo walicheka aliposema vile, na yeye alifurahi walivyocheka. Alikumbuka mpaka namna alivyoikalisha vizuri kofia yake baadaye.

"Nilikosea," alisema, na ilikuwa sauti ndogo kuliko cheo chake.

"Kawaambie wao."

Shaibu aliondoka haraka kidogo, akaenda kumtafuta mtu aliyemfuata hasa: Mwanaima wa Chiola.

Mwanaima alikuwa mtani wa ukoo ule, ukoo wa Eliudi na wa marehemu, na msibani kwao huku mtani si mgeni. Ni mfanyakazi. Watu wakizidiwa na kilio yeye ndiye wa kuwachekesha. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anadai madeni ya marehemu, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Jumapili, mara tu waliporudi makaburini, Mwanaima alijifunga nyungo mbili miguuni zikawa mapezi, akabeba dumu la lita tano mgongoni, akavaa bakuli usoni, akaanza kutembea kinyumenyume uwanjani. Watu wakajua: Mzamiaji huyo. Lakini alipofika mahali pa kuzamia hakuzama. Alikaa chini, akavuta karai, akaanza kuosha sahani, moja baada ya nyingine, kwa bidii, na nyungo zake miguuni. Watu walicheka mpaka mama wa marehemu akashika mbavu. Shaibu alikuwepo. Alicheka pia.

Sasa alimkuta Mwanaima anamenya muhogo.

"Mama Mwanaima, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kunikamata au kunioa? Kwa kukamata subiri nimalize muhogo."

"Nina swali moja. Siku ile, kwa nini sahani?"

"Zilikuwa chafu."

"Mama, hii kesi ya kunyongwa mtu."

"Basi mkimnyonga mniite, nije niigize na hapo." Kisu chake hakikusimama. "Afande, wewe umezaliwa huku au umeletwa na lori? Mtani haapi. Mtani haandikwi. Nikisema kweli ni utani, nikisema uongo ni utani. Hilo daftari lako litaandika nini?"

Shaibu akaliweka daftari chini ya kigoda, na kalamu juu yake.

Mwanaima akamenya kipande kimoja, akamenya cha pili.

"Aliporudi kutoka huko kwa Waarabu," alisema hatimaye, "alikuja Chiola kunisalimia. Akaniambia: mtani, mimi nimezama mara mbili tu. Mara ya pili sikio la kushoto likapasuka, damu ikatoka, daktari akasema maji basi, mpaka naingia kaburini. Miezi kumi na moja iliyobaki nimeosha sahani za watalii hotelini na kujaza upepo mitungi ya wenzangu. Nikacheka mpaka nikalala chali. Nikamwambia, utani wako wa safari hii mkali, huu umeutoa Misri."

"Hukumwamini?"

"Mtu na mtani wake wanaaminiana lini?" Akatupa ganda. "Aliondoka. Usiku, hapo nimelala, ndiyo nikakumbuka kwamba yeye hakucheka."

"Kwa nini akuambie wewe?"

"Amwambie nani mwingine? Kapikiwa pilau na wilaya nzima. Mimi ni kama shimo, mtu anakuja anatapika humo halafu anasema alikuwa anatania." Mwanaima alikiweka kisu chini. "Jumamosi ningekuwepo pale kisimani ningelisema kwa sauti. Huyu hawezi kuzama, huyu ni mwosha sahani. Watu wangecheka, na wangeendelea kuchota huku wanacheka. Nimelisema Jumapili. Siku moja tu, baba. Nimechelewa siku moja."

Shaibu aliangalia maganda ya muhogo. Mtu hawezi kuzama. Anawaambia watu anakwenda kuchukua vifaa. Hana vifaa. Lakini mtu huyo, kabla ya kuwa Mzamiaji, alikuwa nani? Fundi wa visima. Na fundi wa visima akiona kisima kimejaa maji na kuna mtu ndani, anawaza chombo gani?

Rangi ya bluu ilikuwa bado chini ya ukucha wake.

Alipoliwasha pikipiki lake Domitila alikuwa kasimama kando ya njia, kanga nyeusi kichwani.

"Nipeleke kwa Eliudi. Nataka kumuuliza neno moja."

"Mama, uko kwenye msiba. Watasema."

"Watasema nini ambacho hawajasema?"

Wanaume wa kwenye magogo wakawatazama wakiondoka, mjane nyuma ya polisi. Hakuna aliyeinua mkono.

*

Ruangwa kulikuwa na mkandarasi mmoja wa visima aliyekuwa na pampu za petroli, na pampu zake zote zilikuwa za bluu. Mtunza stoo wake, Swaumu, msichana wa miaka kama ishirini na mitatu mwenye mdomo mwepesi, alimwona Shaibu anaingia na mdomo ukamwisha wepesi.

"Jumamosi Eliudi alikuja hapa," Shaibu alisema. Hakuuliza.

"Nani kasema?"

"Keria ya pikipiki lake. Alikuja saa ngapi?"

Swaumu alitazama kwenye ofisi ya tajiri wake. Mlango ulikuwa umefungwa. "Saa tano na nusu, kasoro kidogo. Analowa jasho. Anaomba pampu na mpira mrefu wa kunyonyea. Mimi nikamtania, Mzamiaji na pampu wapi na wapi? Hakucheka. Akaniambia, Swaumu, nakuomba, kuna mtu anakufa. Nikatia petroli lita mbili, nikamfungia mwenyewe kwa kamba za mpira."

"Ikarudi lini?"

"Magharibi. Kavu. Petroli lita mbili zilezile. Hakusalimia, macho mekundu. Nilidhani homa."

"Na uliposikia tumemkamata kwa kuua?"

Swaumu akaanza kuikunja pembe ya kanga yake. "Nimetoa pampu ya tajiri bila ruhusa, halafu nijipeleke polisi mwenyewe? Afande, nina kichwa kimoja tu, na mama ananitegemea."

"Kwa hiyo ukakaa."

"Nikakaa," Swaumu alisema, akainamisha huo mdomo wake mwepesi.

Shaibu aliiona pampu. Kwenye fremu yake, upande ule inapokalia keria, rangi ilikuwa imekwaruzika mpaka chuma kinaonekana. Hakumfokea Swaumu. Kwenye kesi hii kila mtu alikuwa na kitu chake kidogo alichokikalia, na cha Shaibu mwenyewe kilikuwa nje, juu ya pikipiki, kimevaa kanga nyeusi.

*

Chumba cha maelezo kilipakana na mahabusu. Kati yao kulikuwa na ukuta usiofika darini na mlango wa nondo. Upande wa pili siku hiyo walikuwemo watu sita. Domitila aliachwa kwenye benchi la korido. Shaibu akakaa upande wa kulia wa Eliudi, karibu, kama jamaa wawili wanaosubiri daktari.

"Pampu ya bluu," alisema. "Mpira mrefu. Petroli lita mbili, imerudi lita mbili. Uliishia wapi?"

Eliudi alifumba macho. Alipozungumza ilikuwa kama mtu anayetua mzigo na bado anaogopa utavunjika.

"Kwenye mikorosho, kabla ya kijiji. Nilisikia kilio. Kilio cha wanawake mtu hakikosei. Nikazima pikipiki, nikasikiliza vizuri kwa hili sikio zima. Halafu nikageuza."

"Kwa hiyo hukuwa unamkimbia. Ulikuwa unarudi kumtoa."

"Ndiyo."

"Basi niambie kitu kimoja ambacho sikielewi. Pale kisimani, kwa nini hukusema: endeleeni kuchota, mimi nakwenda kuleta pampu? Maneno sita, Eliudi. Nimeyahesabu njiani."

"Mzamiaji hahitaji pampu."

"Wewe si mzamiaji."

"Wao hawajui."

Hapo Shaibu alivuta karatasi mpya. "Basi watajua. Kesho hakimu akisikia hivi, habari ya kukusudia haipo. Utakuwa na kosa, sikudanganyi, uzembe umeua mtu. Lakini kamba haipo. Ila lazima litoke mdomoni mwako. Maneno ya mtani hayaingii mahakamani, na pampu haijui kusema."

"Andika niliua."

"Umesemaje?"

"Andika nilimwonea wivu kwa ajili ya mke, nikamwacha afe." Eliudi alisema kwa utulivu, kama anayechagua nguo ya kuvaa. "Muuaji watu wanamwogopa, Afande. Akipita wananyamaza. Mimi je? Mwaka mzima nimekaa barazani kwa watu nawaeleza papa, nawaeleza matumbawe, watoto wanakaa chini wananitolea macho. Nilikuwa naosha sahani. Halafu kwa ajili ya kuficha sahani, ndugu yangu kafa. Mtu wa namna hiyo wanamfanyaje? Wanamcheka. Watacheka mpaka watoto wa watoto. Kunyongwa ni siku moja."

"Na Domitila?"

"Domitila ana nini?"

"Muulize mwenyewe," Shaibu alisema, akaenda kufungua mlango.

Domitila aliingia akasimama kushoto kwa Eliudi. "Shemeji," alisema. Eliudi hakusikia, alikuwa anaangalia meza. "Shemeji," akarudia, na Shaibu aliona uso wake unavyobadilika: kwanza hasira, kwamba anadharauliwa, kisha kitu kingine. Akazunguka taratibu mpaka upande wa kulia.

"Shemeji. Ulituambia tuache kuchota kwa sababu yangu?"

Eliudi alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Hapana."

"Wanasema ni mimi. Mtoto wangu wanamchukua. Wewe umekaa hapa umefunga mdomo, na kila unavyozidi kuufunga mimi ndiye ninayezidi kuwa muuaji. Basi kama si mimi, sema ni nini. Nimekuja kwa hilo tu."

Eliudi aliangalia ukuta ambao nyuma yake watu sita walikuwa wamenyamaza kwa namna ile ya watu wanaosikiliza. Akamwangalia Shaibu. Shaibu hakumsaidia.

"Nilipofika," Eliudi alianza, "nyote mliniangalia. Mkasema, afadhali, Mzamiaji kaja. Hata Kasmiri kule chini. Alisema, ah, ndugu yangu kaja. Nikafungua mdomo niseme siwezi. Sikio langu limekufa, shemeji, kule nimezama mara mbili tu, nilikuwa naosha vyombo. Nilitaka kusema hivyo. Yakatoka yale niliyokuwa nawasikia walimu wa kule wanawaambia watalii. Maji yatulie kwanza. Yakasikika vizuri. Nikaona niwahi pampu, nirudi kabla... kabla ya lolote. Nikaona nitapata uongo mwingine njiani wa kueleza pampu ya nini."

"Ulipata?"

"Nilipata. Nilikuwa ninao tayari pale kwenye mikorosho."

Domitila alikaa kwenye kiti cha Shaibu bila kuambiwa.

"Yalisikika vizuri sana," alisema. "Mimi ndiye wa kwanza kuweka ndoo chini. Wengine walinitazama mimi, mke wake, wakaona nimeweka, wakaweka. Nikainama nikamwambia Kasmiri: tulia, baba Bernardo, usitikisike, usimtibulie Eliudi maji. Akatulia. Alitulia kabisa, shemeji. Maji yamefika shingoni bado katulia, ananisikiliza mimi."

Shaibu alijikuta anaikalisha kofia yake vizuri, akaona anachofanya, akaivua akaiweka juu ya meza.

"Sitakusamehe leo," Domitila alisema akiinuka. "Labda wala kesho. Lakini utayasema haya mbele ya mama mkwe wangu, na mbele ya wale wa kwenye magogo, kwa mdomo huohuo."

"Watacheka."

"Wacheke."

"Nitaomba kibali nimpeleke chini ya ulinzi, siku yoyote hakimu atakayokubali," Shaibu alisema. "Na siku hiyo mimi nitasema kwanza. Lile neno langu la Jumapili nitalimeza palepale nilipolitapika."

Domitila alitikisa kichwa mara moja, akarudi kwenye benchi la korido.

Maelezo yaliandikwa kwa saa nzima. Shaibu aliandika neno kwa neno, hakupamba, na ile karatasi ya kwanza akaipiga mstari mkubwa toka pembe hadi pembe. Akaandika pia, chini kabisa, kwamba mtuhumiwa hakukaidi amri sokoni Nachingwea, hakuisikia. Kisha akafika pale sheria inapotaka mtuhumiwa asomewe maelezo yake kabla ya kuweka sahihi. Akatupa jicho kwenye ukuta usiofika darini, akainama, akaanza kusoma kwa kunong'ona.

"Sisikii," Eliudi alisema.

Shaibu akasogea zaidi kuliani. "Mimi Eliudi Nampota, mwenye umri wa..."

"Afande. Soma kwa sauti."

"Watasikia wote humo ndani."

"Soma."

Shaibu alinyoosha mgongo, akasoma kwa sauti ya paredi. Alisoma Misri, akasoma sikio, akasoma damu. Alisoma kwamba kwa muda wa miezi kumi na moja nilikuwa naosha sahani za watalii katika hoteli. Ng'ambo ya ukuta mtu mmoja akacheka. Kilikuwa kicheko cha ghafla, cha puani. Mwenyewe akajaribu kukigeuza kikohozi kikamshinda, kikatoka chote.

Shaibu akanyamaza, akageukia mlango wa nondo na mkono wake tayari kwenye rungu.

"Mwache amalize," Eliudi alisema.

Wakakaa wakamsubiri. Yule mtu alicheka, akapungua, akacheka tena kidogo, akaishiwa. Shaibu akaendelea kusoma kuanzia alipoishia: akasoma kisima, akasoma ndoo, akasoma jina la Kasmiri. Safari hii upande wa pili hakukusikika hata mtu kujikuna. Alipofika mwisho akasukuma karatasi na kalamu. Eliudi aliweka mikono yote miwili mezani, kwa sababu ya pingu, akauliza asaini wapi.